Muhtasari Kabla ya Jibu: Makala ya Mpemba na Wapinzani Wake

Makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne, iliyotoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ni ya kurasa chache na lugha yake ni nyepesi. Hata hivyo, mwanafunzi anayeifupisha huishia kwa urahisi kwenye kisa: mwaka 1963 Mpemba, kijana wa Sekondari ya Magamba, anaingiza maziwa ya moto kwenye jokofu kwa kuogopa kukosa nafasi, yanatangulia kuganda kuliko ya mwenzake, na mwalimu anamwambia amechanganyikiwa. Kisa ni kitamu, lakini hoja ya makala haiko hapo.

Iko kwenye jaribio. Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule ya Mkwawa, Iringa, aliulizwa na Mpemba, aliyekuwa sasa mwanafunzi hapo, swali kuhusu jambo hilo lililowachekesha wanafunzi wengine. Aliporudi akalipima. Bika ziliwekwa maji ya sentimita za ujazo 70, kisha ukahesabiwa muda hadi maji yaanze kuganda. Yaliyoanzia nyuzi 25 yalichelewa kuliko yote. Ya nyuzi 90 hivi yaliwahi sana. Uso wa maji ulipofunikwa kwa mafuta, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa.

Muhtasari wa haki ungesomeka hivi: "Mpemba na Osborne wanaripoti kwamba, katika mazingira ya jaribio lao, maji ya moto sana yalianza kuganda mapema kuliko ya vuguvugu. Wanaonyesha kuwa joto lilipotea hasa kupitia uso wa maji, na wanakataa kwamba upungufu wa maji yaliyogeuka mvuke unatosha kueleza tofauti hiyo."

Sentensi mbili tu, bila sifa wala lawama. Vitenzi ndivyo vinavyobeba uzito: wanaripoti, wanaonyesha, wanakataa. Wanafunzi wengi hupenda kuandika "wanathibitisha" kila mahali, na hapo humbebesha mwandishi madai ambayo hakuyatoa.

Faida ya umakini huu inaonekana zamu ya kujibu inapofika. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports makala inayosema hawakupata ushahidi wa maana kwamba jambo hili lipo. Walionyesha kuwa kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta tofauti inayofanana na ile inayodaiwa. Hilo ni jibu la kuheshimika: halimgusi mtu, linagusa namna ya kupima, na yeyote mwenye vifaa anaweza kulikagua.

Lakini wao walipima muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0. Wenzao wa 1969 walipima kuanza kuganda, na maji huweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki maji kwa muda. Kwa hiyo pingamizi lao, pamoja na nguvu yake yote, halifungi mjadala kwa dai la awali kama lilivyoandikwa. Aliyeandika kwenye daftari "maji ya moto huganda haraka" hawezi kuliona pengo hili. Atachagua upande kwa mapenzi.

Wanafunzi wasome makala zote mbili na kuandika aya moja kwa kila moja. Kisha, katika aya ya tatu, wapendekeze jaribio ambalo vipimajoto vitakaa kina kimoja na nyakati zote mbili zitarekodiwa.