Shabaha Njema Yataka Njia Njema

Hapana mtu aishiye pasipo kutaka kitu. Mkulima ataka mavuno, mfanya biashara ataka faida, mzazi ataka mwanawe asome, na aliyesoma naye ataka cheo. Dini ya Kikristo haikatazi kutaka. Mtumishi yule aliyeifukia talanta yake ardhini alikemewa kwa uvivu, wala hakusifiwa kwa unyenyekevu. Lakini dini hiyo hiyo humwuliza kila mwenye shabaha swali moja: Gharama ya safari yako inalipwa na nani?

Kwa watu wa Mombasa bara swali hili si geni. Lilipata kuulizwa kwa uchungu mwingi katika ardhi ya Kisauni na Rabai.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari zilipokamata majahazi yenye watumwa, ilikuwa lazima watu wale wapatiwe mahali pa kukaa. Basi mwaka 1875 Padre W. S. Price wa Church Missionary Society aliwaanzishia mji huko Kisauni, ukaitwa Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kwa shauri la mkataba ule. Zilijengwa nyumba, shule na kanisa, na mashamba yakalimwa. Kengele ilitundikwa ili kuwaonya wakazi wakati wa hatari, na hata leo mahali pale paitwa Kengeleni.

Ni nani awezaye kusema kwamba shabaha ile haikuwa njema? Hata hivyo, haikupita miaka mingi madhara yakaingia kwa mlango wa nyuma. Msimamizi mmoja wa mji alitaka amri zishikwe upesi, na waliozivunja walipigwa viboko na kufungwa. Mwaka 1881 habari hizo zilichunguzwa, na msimamizi yule akaondoka. Hebu msikilizaji alifikiri jambo hili: mtu ameokolewa katika mikono ya bwana aliyempiga, kisha apigwa na wale waliomwokoa! Pengine nia ilikuwa kujenga mji wa mfano. Lakini mgongo wa mtu haujui nia ya ashikaye kiboko. Wajua maumivu tu.

Shida ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Watumwa wengi walitoroka katika mashamba ya pwani wakakimbilia vituo vya misheni, hasa Rabai. Huko alikuwako William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa zamani, akakombolewa, akasomeshwa Bara Hindi, na mwaka 1885 akawekewa mikono katika kazi ya kanisa. Mtu wa namna hiyo angewezaje kumfungia mtoro mlango? Lakini wenye watumwa walikasirika. Tangu mwaka 1880 walikuwa wametishia kuushambulia mji wa Frere Town. Mtoro akirudishwa, mtu amerudishwa utumwani. Akipokewa, vita vyaweza kuja, na wa kwanza kuumia wangekuwa wale wanyonge waliokwisha kupata uhuru.

Mwaka 1888 Bwana George Mackenzie alifika Mombasa kuiongoza kazi ya Kampuni ya Imperial British East Africa. Watoro walihesabiwa vituoni, wakaonekana kuwa zaidi ya 1,400. Fedha zilipatikana kutoka kwa Kampuni, Serikali ya Kiingereza na wamisheni, wenye watumwa wakalipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati zao za uhuru huko Rabai. Ugomvi ule ukaisha bila vita.

Kazi ile yastahili sifa, kwa kuwa iliokoa maisha ya watu. Lakini Mkristo hana ruhusa ya kufunga kitabu hapo. Aliyelipwa ni yule aliyemiliki mtu. Yule aliyemilikiwa, aliyelima miaka na miaka pasipo ujira, alipewa karatasi. Karatasi ile ilikuwa na thamani kuliko fedha, lakini jasho lake halikulipwa na mtu. Tena wale waliobaki mashambani bila kutoroka hawakupata hata karatasi. Ilikuwa mwaka 1907 ndipo sheria ilipoondoa utumwa katika pwani hii. Na Kampuni nayo ilikuwa na haja yake: ilitaka amani na wakubwa wa pwani, ili biashara yake ipate kuendelea.

Hapo ndipo penye fundisho. Wanadamu huona wepesi kujizuia wasimdhuru mtu awezaye kulipiza. Huyo huitwa shaurini, husikilizwa, na hulipwa. Asiye na nguvu husahauliwa, si kwa sababu anachukiwa, bali kwa sababu hapana amwogopaye. Ndivyo alivyotendewa Nabothi. Mfalme Ahabu hakukosa kwa kutamani bustani ya mboga, wala kwa kutaja bei. Kosa liliingia alipokataliwa, akaacha mnyonge aondolewe njiani. Zakayo alitenda kinyume. Alipogeuka moyo hakwenda kupatana na wakubwa wa kodi, bali aliwatazama wale aliowadhulumu, akaahidi kuwarudishia mara nne.

Mambo haya hayakwisha pamoja na utumwa. Mtu anunuaye kiwanja Changamwe, na ndani yake mna mjane aliyekaa miaka mingi, ana shabaha halali ya kujenga. Mchuuzi wa Kongowea apunguzaye kipimo cha mahindi ana watoto wa kulisha. Kijana wa Likoni amsingiziaye mwenzake kazini ili apandishwe cheo huenda anataka kumtibu mama yake. Shabaha zote hizo ni njema. Mjane, mnunuzi na mwenzi ndio wanaozilipia. Wazee walisema kweli: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Basi kila mwenye shauri kubwa, kabla hajaanza, na amtaje moyoni mtu mmoja asiye na nguvu ambaye atapungukiwa kwa ajili ya shauri hilo. Asiridhike kumwombea tu. Na aende kwake, aketi naye, amsikilize, na kama njia itageuka kuwa ndefu kwa sababu ya maneno ya mtu huyo, aifuate iliyo ndefu. Na aliyekwisha kumwumiza mwenzake njiani asingoje kufika ndipo amlipe. Na aanze kulipa leo.