MAZUNGUMZO YA AFYA: MGONJWA WA SKIZOFRENIA NA SIGARA



Mgonjwa wa skizofrenia huhimizwa kuacha sigara, hushindwa, naye huhesabiwa kuwa mkaidi. Hukumu hiyo si ya haki. Uchambuzi wa tafiti 42 za nchi 20, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kuwa wagonjwa hao wapatao 62 katika kila 100 huvuta. Ukaidi hautoshi kueleza idadi hiyo.

Nikotini huamsha ubongoni kemikali iitwayo dopamini, na kwa kitambo humsaidia mgonjwa kukusanya mawazo yaliyotawanyika. Baadhi ya dawa, kama haloperidoli, huizuia dopamini hiyo hiyo, zikamwachia mwili mzito na mtetemeko; sigara humpunguzia taabu hiyo. Akiacha, hushikwa na wahaka na kukosa usingizi. Jamaa hudhani maradhi yamerejea, wakamnunulia sigara wenyewe.

Lakini lililo zito zaidi limo katika ini. Moshi wa tumbaku, wala si nikotini, huvizidishia kasi vimeng'enya vinavyovunja dawa kama klozapini na olanzapini, hata mvutaji akahitaji kipimo kikubwa zaidi. Na achukuliwe kwa mfano kijana aliyekwenda Bara kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Geita, ashindaye duarani na pakiti mfukoni. Ndugu wakimrejesha nyumbani na kumnyang'anya sigara ghafla, kipimo kile kile humzidi. Kwa muda wa siku chache tu dawa hujaa damuni, akasinzia mchana kutwa, akatokwa na udenda, pengine akaanguka kifafa. Akirudi machimboni na kuvuta tena, dawa humpungukia na sauti humrudia. (Ugoro hauna moshi, hivyo hauligusi ini kwa namna hiyo, madhara yake mengine yako pale pale.)

Kuacha kunawezekana. Utafiti wa watu zaidi ya 8,000 katika nchi 16, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa dawa ya vareniklini huwasaidia hata wenye maradhi ya akili yaliyotulia, bila ya kuwazidishia sana misukosuko ya akili.

Jamaa wanaombwa kumwarifu daktari kabla ya siku ya kuacha: walioko Unguja, Hospitali ya Kidongo Chekundu, walioko Nyarugusu, Bugando mjini Mwanza. Idadi ya sigara za kila siku itajwe pamoja na majina ya dawa. Mgonjwa akianza tena kuvuta, hilo nalo lisifichwe.