Kompyuta Haikosei Peke Yake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu, Kisaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta, na hasa jinsi nilivyojifunza kuiandikia programu. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini nitangulize kusema kwamba sikuja kujisifu. Nimekuja kuungama kosa, maana naamini mtafaidika zaidi na kosa langu kuliko na cheti changu.

Nilipomaliza kidato cha nne hapa Kisaka, nilikuwa sijagusa kompyuta hata siku moja. Niliiona mara ya kwanza Musoma, katika duka la kupiga chapa, nami nikasimama mlangoni kama mtu anayeogopa mbwa wa wenyewe. Nilipofika chuoni nikakuta wenzangu wengi wameizoea tangu kwao. Mimi nilikuwa na saa moja tu kwa siku ya kutumia mashine, na saa hiyo iliisha nikiwa bado natafuta herufi. Zoezi la kwanza nikapata sifuri. Nilianza kufikiri juu ya nauli ya kurudi nyumbani.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumbani. Aliniambia, "Iache mashine kwanza. Chukua karatasi, unieleze kwenu mnavyohesabu ng'ombe jioni." Nikamweleza: ng'ombe akiingia zizini, ongeza moja, akiingia mwingine, ongeza moja tena, wakiisha kuingia, linganisha na idadi ya asubuhi, wakipungua, rudi malishoni ukatafute, wakitimia, funga lango. Akacheka, akasema, "Hiyo ndiyo programu. Kilichobaki ni kuiandika kwa lugha inayofahamika na mashine."

Ndugu zangu, tangu siku ile woga ulinitoka. Usiku niliandika kwa penseli, nikaifuata kazi yangu mstari kwa mstari kama kwamba mimi ndiye mashine, nikafuta, nikarekebisha. Kesho yake saa yangu moja ilitosha, na dakika zikabaki.

Baada ya kuhitimu nilipangiwa kufundisha katika shule moja ya mbali na hapa. Palikuwa na kompyuta chache zilizotolewa msaada, na ufunguo wa chumba nikakabidhiwa mimi. Hapo ndipo nilipokosea. Niliogopa vumbi, niliogopa umeme kukatika ghafla, na zaidi niliogopa mikono ya watoto. Nikaweka sharti kwamba hataingia chumbani ila mwanafunzi mwenye wastani wa alama 50 na kuendelea. Na ili nionekane mtaalamu, nikaandika programu ya kukokotoa wastani wa shule nzima. Kazi iliyowachukua walimu siku nzima, mashine ikaimaliza kwa muda mfupi. Nilisifiwa sana, nami nikavimba kichwa.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa kidato cha pili alinifuata ofisini, karatasi mkononi. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Samahani, alama zangu za masomo 9 zinafika jumla 446. Nikigawa napata 49.56, na sisi tumefundishwa kwamba nusu na kuzidi huhesabiwa moja. Mbona kompyuta imeandika 49?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba kompyuta haikosei. Hakubishana nami. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, uliiambia igawe namna gani?"

Nilifungua programu ili nimwonyeshe, nikakaa kimya. Niliandika kwa lugha ya C. Katika lugha hiyo, ukigawa namba kamili kwa namba kamili, mashine hutupa sehemu yote inayobaki. Ukiiambia igawe 7 kwa 2, hukujibu 3. Haiasi wala haisahau. Imetii kama ulivyoiagiza. Ilinipasa kuieleza kwamba jibu lina desimali, kisha likadiriwe. Sikufanya hivyo. Kwa hiyo kila mwanafunzi aliyekuwa na sehemu ilipotea, na huyu alifungiwa mlango kwa kosa la mtu mwenye ufunguo.

Fikirini, ndugu zangu. Kijana ambaye hajawahi kugusa kompyuta ndiye aliyegundua kosa la mwenye shahada, kwa penseli na kwa kujua kugawanya. Siku ile nilisahihisha matokeo, nikaomba radhi mbele ya mstarini, nikalifuta lile sharti. Kijana yule nikamfanya msimamizi wa chumba. Je, vitu viliharibika? Ndiyo, vibonye viwili vya herufi viling'oka. Tuliendelea bila hivyo.

Woga wa namna yangu haukuanzia kwangu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo na hasara, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siwalaumu wazee wetu, kwani nchi maskini haina budi kuchunga fedha zake. Lakini upungufu mkubwa ulikuwa wa watu wenye ujuzi, na ujuzi haupatikani kwa kufunga mlango.

Wengine mtasema kikwazo ni Kiingereza. Kisomeni kwa bidii, kitawafaa. Lakini mjue kwamba mashine yenyewe ndani yake haina ila sifuri na moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kufanyia hesabu zilizo kwa Kiswahili. Basi lugha yetu inaweza kukaa ndani ya mashine ikiwa wako watu wa kuiweka.

Namaliza kwa maombi mawili. Ndugu wanafunzi wa zamani, tukileta kompyuta shuleni tusihesabu zilizofika tu. Tukija mwaka unaofuata tuulize ni vijana wangapi wamezitumia. Tuweke akiba ya matengenezo, ili mwalimu mwenye ufunguo asiogope kama nilivyoogopa mimi.

Nanyi wadogo zangu, msingoje mashine. Daftari mnalo, penseli mnayo, ng'ombe wanarudi kila jioni. Andikeni hatua kwa hatua jambo mnalolijua, mwenzenu alifuate kama lilivyoandikwa, mwone linakwamia wapi. Na siku mkubwa atakapowaambia kwamba kompyuta haikosei, mwamkieni kwa adabu, kisha mmuulize aliiambia nini.