Baraza Ndani ya Simu

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Unguja)

 

Leo sikuja kukukatazeni simu. Wakubwa wa kukukatazeni simu mnao wa kutosha. Mie nimekuja kukuombeni jambo moja tu, nalo nitalisema mwisho. Kwanza sikilizeni kisa changu.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilishikwa na mafua makali, koo likaniuma. Nikaenda duka la dawa la mtaani nikanunua vidonge vinne vya rangi mbili. Nikameza viwili. Kesho yake nikajiona mzima. Viwili vilivyobaki nikampa rafiki yangu, maana naye alikuwa anapiga chafya. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Meza hivi, kesho utaamka mzima." Akameza, akapona. Basi tukawa madaktari, mimi na yeye!

Je, wewe hujawahi kufanya hivyo? Usinijibu kwa sauti. Jijibu mwenyewe.

Miaka ikapita. Nikamaliza chuo kikuu, nikaajiriwa kazi ya kuelimisha watu kuhusu afya. Novemba moja nilikaa mbele ya kompyuta ofisini kusikiliza semina ya mtandaoni juu ya antibiotiki. Haikuwa na kiingilio. Walikuwemo madaktari, wauguzi, wafamasia, na hata wazazi wasiofanya kazi ya afya. Muuguzi mmoja wa kituo kidogo cha shamba akauliza: "Mgonjwa akiniambia alimeza vidonge viwili tu akapona, nimjibu nini?"

Mfamasia akamjibu hivi. Mafua huletwa na virusi, na dawa za antibiotiki haziui virusi. Mtu huyo angepona hata bila dawa. Vile vidonge viwili viliwashambulia bakteria wengine waliomo mwilini: dhaifu wakafa, wagumu wakabaki na nafasi ya kuzaana. Siku atakapougua maradhi ya bakteria kweli, huenda dawa isimsaidie. Huo ndio usugu wa dawa. Nao si jambo dogo: watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 pekee bakteria sugu waliua watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Nikahisi uso unaniwaka. Kumbe mambo hayo chuoni niliyasoma, na kwenye mtihani nikayajibu vizuri! Lakini hata siku moja sikuyaunganisha na vidonge vyangu vinne. Aliyeniunganishia ni yule muuguzi, kwa swali lake.

SEMINA HIZI NI KITU GANI?

Nyote mnazijua baraza za Mji Mkongwe, zile za mawe nje ya nyumba. Watu hukaa jioni, mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anabisha. Semina ya afya mtandaoni ni baraza la namna hiyo, ila mmoja yuko Nungwi, mwingine Nairobi, na mwingine London. Huhitaji tiketi. Unahitaji simu, mtandao, na masikio.

Je, watu hujifunza kweli kwa njia hiyo? Hebu tuangalie mfano. Katika jimbo la New Mexico, Marekani, alikuwepo daktari bingwa wa ini, Sanjeev Arora. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walingoja hadi miezi minane kumwona, na wengine walisafiri mamia ya kilomita. Mwaka 2003 akaanza kukutana kwa video kila wiki na wahudumu wa afya wa vijijini. Wao walieleza hali za wagonjwa wao bila kutaja majina, yeye na wenzake wakashauri. Mpango huo ukaitwa Project ECHO. Mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 407 yakachapishwa. Waliotibiwa hospitali ya chuo kikuu walipona asilimia 57.5. Waliotibiwa na wahudumu wa vijijini na wa magereza walipona asilimia 58.2. Yaani sawasawa! Mgonjwa hakusafiri. Ujuzi ndio uliosafiri.

Sasa fikiria muuguzi wa Makunduchi. Kumfuata bingwa Dar es Salaam ni gari mpaka mjini, kisha boti, kisha nauli nyingine na pa kulala. Na kituoni atabaki nani?

Baada ya hapo milango mingi ilifunguka. Shirika la Afya Duniani lilianzisha masomo ya bure mtandaoni, OpenWHO, mwaka 2017. Uviko-19 ulipoingia mwaka 2020, watu walijiandikisha kwa mamilioni.

LAKINI DADA, BANDO JE?

Najua mtaniuliza. Semina ni bure, bando si bure. Tena nyingi huendeshwa kwa Kiingereza. Mama yako anayeuza maandazi atafaidika nini?

Jibu lipo hapa hapa Tanzania, na ni la zamani kuliko mie. Mwaka 1973, upande wa Bara, palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Si kila nyumba ilikuwa na redio. Kwa hiyo watu walikaa vikundi. Kila wiki, kwa wiki 12, kikundi kilisikiliza kipindi pamoja, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, halafu kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio moja ilitosha watu wengi kwa sababu hakuna aliyesikiliza peke yake.

Basi na nyinyi fanyeni hivyo. Simu moja, wanafunzi kumi. Changeni bando, au mwombeni mwalimu kompyuta ya skuli. Mkikosa semina yenyewe, tafuteni iliyorekodiwa. Na Kiingereza mnacho, kwani ndicho mnachosomea. Wewe ukielewa, mweleze mama kwa Kiswahili cha nyumbani.

TAHADHARI NNE

1. Tazama anayezungumza ni nani. Ana jina? Anafanya kazi wapi? Kama anauza dawa mwisho wa semina, hilo si baraza, hilo ni duka.

2. Ukiombwa pesa au namba ya siri ili "uthibitishe nafasi yako", toka haraka.

3. Usitaje maradhi yako wala ya jirani yako mbele ya watu wote. Uliza swali bila jina.

4. Semina haimpimi mtu. Ukiumwa nenda kituo cha afya. Ukiandikiwa dawa, imeze kama ulivyoelekezwa, na usimgawie mwenzako.

NILIRUDI KWA RAFIKI YANGU

Baada ya ile semina nilikwenda kumtembelea rafiki yangu wa Kidato cha Tatu. Sasa ni mama wa watoto wawili. Tukanywa chai, tukacheka. Mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa. Rafiki yangu akafungua kabati, akatoa kikopo cha vidonge vilivyobaki, vya rangi mbili.

Nikamwambia: "Usimpe hivyo, mpeleke kituoni kwanza." Akanitazama kwa mshangao. "Mwenzangu, si wewe uliyenifundisha?"

Wadogo zangu, sikuwa na jibu. Mie nilishasahau. Yeye alikumbuka kwa miaka yote hiyo, akaliamini neno langu, na sasa alitaka kulitumia kwa mwanawe. Nikamwomba radhi. Nikamweleza swali la muuguzi na jibu la mfamasia, taratibu, kama nilivyolisikia. Akakifunika kikopo. Tukatoka pamoja na mtoto mpaka kituoni.

Ndipo nilipofahamu kwamba hakuna asiyefundisha. Hata wewe mwenye miaka 15 unafundisha kila siku, kwa neno na kwa kitendo. Swali ni moja: unayoyafundisha umeyapata wapi?

Sasa lile ombi langu. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya kukumbushana kuhusu usugu wa dawa, na semina za bure huwa nyingi. Kaeni kikundi, hudhurieni moja tu. Kila mmoja aende na swali moja la kweli, lile unaloona haya kuliuliza darasani. Jibu mtakalolipata, kila mmoja alipeleke kwa mtu mmoja nyumbani asiyekuwa na simu.

Mkumbuke, asiye kujua hufundishwa, na anayeuliza hapotei njia.