Nafasi ya 772

Juni 2016 katika uwanja mkuu wa Wimbledon, Roger Federer alimchapa Mwingereza Marcus Willis seti ya kwanza 6–0. Seti ya pili, Willis alipopata gemu yake ya kwanza, alinyanyua mikono juu utadhani katwaa kombe, na watazamaji wakalipuka kwa shangwe.

Willis alikuwa wa 772 duniani, akifundisha tenisi klabuni Warwick kwa pauni 30 kwa saa. Alishinda mechi sita za mchujo, akamtoa Ricardas Berankis, wa 54, na kwa kufika raundi ya pili tu akajipatia pauni 50,000. Hadithi tamu, nami naipenda. Kinachoniudhi ni kwamba tuliishia hapo hapo kwenye utamu.

Mwanasoka wa 300 kwa ubora duniani kashamjengea mama yake nyumba. Katika tenisi, hesabu za shirikisho la kimataifa, ITF, za mwaka 2013 zilionyesha kuwa wanaume walianza kurudisha gharama zao kwenye nafasi ya 336 hivi, na hapo kocha hajalipwa. Kwenye mashindano ya dola 15,000, anayetolewa raundi ya kwanza huambulia dola 150 na ushei. Humo atoe nauli, chumba, chakula, na nyuzi za raketi zinazokatika kila mara. Kupumzika nako hawezi, kwa maana pointi zake hufutika baada ya wiki 52. Ndiyo maana wengine huweka kambi Monastir, Tunisia, wakicheza wiki baada ya wiki kukwepa nauli.

Na mechi hizo zina soko! Tangu 2012 ITF ilikuwa ikiuza matokeo yake ya papo kwa papo, yakaishia kwenye kampuni za kubeti. Mwaka 2018 jopo huru lilipendekeza biashara hiyo ikomeshwe kwenye mashindano madogo, kwa jinsi ilivyochochea upangaji wa matokeo. Nawe unayekesha na simu, mkeka ukichanika unamtumia matusi kijana ambaye huenda kapata kidogo kuliko ulichoweka.

Mwaka 2024 chama cha tenisi ya wanaume wa kulipwa, ATP, kilianza kuwahakikishia kipato wanaume 250 wa kwanza. Mwaka huo wa mwisho wao waliwekewa dola 75,000. Vizuri. Lakini kamari haiishii nafasi ya 250, inashuka chini zaidi. Basi pesa za kamari nazo zishuke huko huko.