KUTUNZA RANGI ISIKAUKE UBAONI
Mazungumzo kwa wachoraji



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya hasara ambayo wachoraji wengi, hasa wanaoanza, huipata kila siku bila kuitafutia dawa: rangi kukauka kabla ya kazi kwisha.

Rangi ninayoinena ni ile ya akriliki. Ndani yake mna chembe ndogo sana za plastiki zilizochanganyika na maji. Maji yakipotea hewani, chembe hizo hushikamana zikawa ngozi moja, na hata ukiongeza maji haziachani tena. Mimi mwenyewe nilichanganya rangi ya kijani kwa ajili ya bango, nikaenda kula chakula cha mchana. Niliporudi nilikuta gamba. Nikachanganya nyingine, lakini haikulingana na ya kwanza; mti wangu ukawa na majani ya namna mbili, na mwenye bango akakataa kulipa.

Dawa yake ni rahisi. Twaa bakuli la plastiki lililo pana, lenye kina kifupi na kifuniko kinachobana. Tandika ndani yake sponji nyembamba, au kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa. Mimina maji mpaka kilowe vizuri, lakini maji yasisimame juu yake. Kisha tandaza karatasi ya kuokea keki, uikandamize kwa kiganja ili hewa itoke chini yake. Juu ya karatasi hiyo ndipo uweke rangi na kuzichanganya. Maji hupenya polepole kutoka chini, yakashika mahali pa yale yanayopotea juu. Usitumie karatasi ya nta, maana haipitishi maji.

Ukimaliza kazi, funika. Rangi yaweza kufaa kwa siku kadhaa. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii huota ukungu. Basi badili maji na kufua kitambaa mara kwa mara. Ukiona rangi inakuwa nyepesi na kutiririka, ujue maji yamezidi.

Wanaotumia rangi za mafuta hawana haja ya chombo hiki, kwa kuwa rangi hizo hazikauki kwa kupotewa na maji, bali mafuta yake huwa magumu polepole yakipata hewa.

Rangi hununuliwa kwa fedha, nayo kazi mbaya hupoteza wateja. Mwenye kutunza rangi yake haharakishwi na jua, bali hufanya kazi kwa utulivu mpaka aridhike nayo.