Adui Aliye Ndani ya Bua

Adui anayeonekana hukabiliwa waziwazi. Adui aliyejificha huhitaji mbinu nyingine. Jambo hilo wanalifahamu vyema askari na polisi wanaolinda mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Malaba katika upande wa Tororo hadi Busia, mji wenye jina moja katika nchi mbili. Lakini katika mashamba ya miwa, mahindi na mtama ya eneo hilo yumo adui ambaye hakuna kizuizi cha barabarani kiwezacho kumsimamisha. Huyo ni funza wa mabua.

Funza huyo ni mtoto wa nondo arukaye usiku. Akianguliwa hula majani kwa siku chache, kisha hutoboa bua na kujificha ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Muwa huonekana umesimama imara, kumbe ndani umekwisha liwa. Sukari yake hupungua, na upepo ukivuma huvunjika. Mkulima akinyunyizia sumu wakati huo, sumu huishia juu ya majani, na funza aliye ndani hasikii lolote.

Hapo ndipo wataalamu walipokumbuka kwamba dawa ya moto ni moto. Mmoja wa funza hao, aitwaye kitaalamu Chilo partellus, si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Asia, akaonekana Malawi katika miaka ya 1930, na adui zake wa asili wakabaki nyuma. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kiliwafuata adui hao huko huko Asia. Nyigu mdogo kutoka Pakistan, Cotesia flavipes, alifunguliwa katika mashamba ya pwani ya Kenya mwaka 1993, na baadaye Uganda.

Nyigu huyo ana urefu wa milimita chache tu. Hufuata harufu ya kinyesi cha funza, huingia katika tundu lenye giza, na kutaga mayai zaidi ya 30 ndani ya mwili wa adui. Nyigu wengi huumwa na funza wakafia humo humo, lakini kazi huwa imekwisha fanyika. Watoto wao humla funza kwa ndani, hutoka, na kujifungia katika vifuko vyeupe kama punje za mchele. Baada ya kama wiki 3 tangu mayai kutagwa, kikosi kipya huruka kuendeleza vita.

Hata hivyo, si kila adui hushindwa kwa silaha ile ile. Eldana saccharina, funza wa Kiafrika aliyezoea mafunjo kabla ya kuvamia miwa, huyaua mayai ya nyigu huyo mwilini mwake. Tena, rafiki asiyechunguzwa aweza kugeuka kuwa adui. Mwaka 1935 vyura wakubwa walipelekwa Queensland, Australia, ili wale mende wa miwa. Mende hawakumalizika, vyura ndio waliozaana hadi wakawa janga. Kwa hiyo mdudu yeyote wa kigeni hana budi kupimwa na wataalamu kabla ya kufunguliwa.

Je, mambo hayo yanamhusu nini askari? Yanamhusu sana. Vipande vya miwa ya kupanda vinavyopitishwa katika njia za panya bila cheti cha ukaguzi vyaweza kubeba funza kutoka shamba lililoathirika hadi shamba safi. Sumu bandia za magendo nazo haziwafikii funza walio ndani ya mabua, bali huwaua nyigu walio nje, yaani huwaua walinzi na kumwacha mwizi.

Mwaka 2018 Kenya na Uganda zilizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Ushirikiano huo haustahili kuishia kwenye pasi na ushuru. Nondo hatambui mpaka. Ulinzi dhidi yake nao hauwezi kuwa wa upande mmoja. Askari anayefungua gunia la miwa isiyo na cheti na kumwita mkaguzi wa mimea, analinda chakula cha taifa kama anavyolinda ardhi yake.